Bili ya hita msimu wa baridi: ziba mianya kwanza, ndo uguse themostati

Baridi ikianza tu watu wanakimbilia kununua hita nyingine. Mi nasema subiri kwanza. Pesa nyingi tunayolipa inaishia kwenye joto linalotoka nje kupitia chini ya mlango, pembeni ya dirisha na juu darini, yaani unalipia kupasha mtaa. Joto siku zote linakimbilia kwenye baridi, na tofauti ya ndani na nje ikizidi kuwa kubwa ndo linavyozidi kukimbia, kwaiyo kila digrii unayoongeza ndani inaongeza na kasi ya kuvuja. Ukiziba kwanza, hita hiyohiyo uliyonayo inaweza ikakutosha na itakuwa inajizima mapema.

Kutafuta panapovuja hakuhitaji fundi. Chagua siku ya upepo, zima hita, funga madirisha na milango yote, alafu washa zile feni za jikoni na bafuni zinazotoa hewa nje ili nyumba ianze kuvuta hewa kupitia popote penye upenyo (kama kuna moto wa kuni au kifaa cha gesi kinachowaka ndani, usiwashe feni hizo mpaka kizimike kabisa). Sasa washa kijiti cha udi, kishike karibu na fremu ya dirisha na ukipitishe taratibu kuzunguka fremu nzima, mbali na pazia. Pakiwa pazima moshi unapanda juu umenyooka, ukifika kwenye mwanya unayumba, unalala upande mmoja au unarudi usoni kwako. Hapo bandika kipande cha selotepu uweke alama, endelea. Watu wengi wanaishia kwenye madirisha tu, usiishie hapo: pitisha chini ya mlango wa nje, kwenye tundu la barua, kwenye soketi zilizo kwenye kuta za nje, pale sakafu inapokutana na ukuta, chini ya sinki ambapo mabomba yanatobokea nje, na kwenye kile kifuniko cha kupandia darini, hicho ndo kinasahaulika kuliko vyote wakati hewa ya moto inapanda juu na kutokea hapohapo.

Kuziba sasa. Sehemu inayofunguka na kufungwa inataka ule mpira wa sponji wenye gundi nyuma, sehemu isiyofunguka, kama ufa kati ya fremu na ukuta, inataka silikoni. Futa vumbi na mafuta kwanza, acha pakauke vizuri ndo ubandike, maana mpira ukibandikwa juu ya vumbi au unyevu utabanduka mapema. Ukimaliza weka karatasi kati ya dirisha na fremu, funga, alafu vuta: ikitoka kirahisi bado mpira ni mwembamba, ikibana uko sawa. Chini ya mlango kuna brashi za kupigilia, na kama huna hela wiki hii, kunja taulo nene iweke hapo usiku, inasaidia kweli. Ila matundu ya hewa yaliyowekwa makusudi usiyazibe hata kama yanakukera, hasa chumba chenye boila (mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha nyumba), jiko la gesi au moto wa kuni, yale yapo ili watu wapumue. Na kama una fayaplesi ambayo huitumii, hakikisha kile kifuniko cha bomba la moshi kimefungwa, kikiwa wazi kinanyonya hewa ya moto usiku kucha na kuipeleka angani (ukija kuwasha moto, kifungue kwanza).

Madirisha ya kioo kimoja yanapoteza joto hata yakiwa hayavuji. Kama kubadilisha hauwezi, au nyumba ni ya kupanga, kuna plastiki nyembamba inayobandikwa kwenye fremu kwa ndani kwa tepu ya pande mbili, alafu unapuliza na draya ya nywele mpaka inyooke na mikunjo iishe. Ile hewa iliyobaki kati ya kioo na plastiki ndo inayokukinga, na msimu ukiisha unabandua. Mapazia mazito nayo yanasaidia ukiyafunga jua linapozama na kuyafungua asubuhi upande unaopigwa na jua, maana jua la dirishani ni joto la bure. Tatizo pazia refu likiifunika radieta (lile bati la ukutani linalopita maji ya moto), hapo joto lote linapanda kati ya pazia na kioo, chumba hakipati kitu. Lipandishe liishie juu ya radieta.

Dari ni habari nyingine. Kama nyumba ni yako na unaweza kutumia hela kwenye kitu kimoja tu mwaka huu, panda juu uangalie kama kuna sufi ya kuhami joto, na kama ipo imesinyaa au ina mapengo. Kuongeza sufi darini ni kazi inayolipa miaka mingi kuliko hita yoyote utakayonunua. Ukiwa mpangaji mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi, na uulizie pia kampuni ya umeme au gesi na serikali ya mtaa kama kuna msaada, nchi nyingi za baridi zina mipango ya kulipia sehemu ya kazi hii na watu hawaombi kwa kuwa hawajui.

Haya, themostati, yaani kile kidude cha kuweka joto unalotaka. Kuipandisha mpaka mwisho ukifika nyumbani hakufanyi nyumba ipate moto haraka, hita nyingi zinapasha kwa kasi ileile, tofauti ni kwamba haitazima ukifika kwenye joto unalolitaka, itaendelea mpaka uanze kufungua madirisha. Weka unapotaka na uiache. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema ukiishusha digrii 4 mpaka 6 hivi za Selsiasi kwa masaa 8 kila siku, yaani ukiwa umelala au uko kazini, unaweza kuokoa mpaka asilimia 10 kwa mwaka kwenye gharama za kupasha na kupoza nyumba. Wenye pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani) msishushe sana kwa mkupuo, maana ikilazimika kupandisha digrii nyingi kwa haraka baadhi zinawasha hita ya umeme ya akiba na faida yote inaliwa hapo.

Lakini msijitese jamani. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 lilitaja digrii 18 kama joto salama ndani ya nyumba msimu wa baridi, na kwa wazee, watoto wadogo na wagonjwa inaweza kuhitajika zaidi. Kama una mama mzee au kichanga ndani, chumba chake kisiwe mahali pa kubania, bania korido na chumba kisicholala mtu. Wengine vaeni soksi na sweta ndani, fulana ya ndani iliyobana mwili inasaidia sana.

Radieta ikiwa ya moto chini na baridi juu ina hewa ndani, na unalipia maji ya moto yasiyofika. Zima hita, subiri ipoe, weka kitambaa na kikombe chini ya ile valvu ndogo ya juu pembeni, zungusha kwa ufunguo wake robo mzunguko tu. Utasikia inapumua ssss, ikianza kutoa maji funga palepale. Ukimaliza zote angalia geji ya presha kwenye boila, nyingi zinataka bari 1 mpaka 1.5 zikiwa za baridi, ikishuka ongeza maji kama kitabu chake kinavyoelekeza. Alafu sogeza kochi, kochi lililoegemea radieta ndo linalopata joto lako. Wenye mfumo wa hewa ya moto, kagueni filta kila mwezi, ikijaa vumbi mashine inahangaika bure.

Hita ndogo za umeme zinachanganya watu sana kwa sababu ya matangazo. Iwe ya feni, ya mafuta au ya kioo kizuri chenye rimoti, yuniti moja ya umeme inatoa joto lilelile, hakuna ya muujiza. Angalia wati. Hita ya wati 2,000 ikikaa imewaka mfululizo masaa 5 imekula yuniti 10, fanya hivyo kila siku kwa mwezi ni 300, zidisha mwenyewe kwa bei yako. Blanketi la umeme la wati 100 usiku mzima wa masaa 8 halifiki hata yuniti moja. Kwaiyo kama uko peke yako chumba kimoja, jipashe wewe na kitanda chako uache kupasha nyumba nzima, hapo hata hita ndogo ina maana kwa saa moja mbili. Ichomeke moja kwa moja ukutani, usitumie ekstensheni, isikaribiane na pazia wala nguo.

Na hili naomba tusikilizane: usiingize jiko la mkaa ndani ili kuota moto, wala usiwashe oveni ya gesi ukaacha mlango wazi. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, unasikia usingizi na kichwa kuuma alafu huamki, na watu wanakufa hivi familia nzima. Dirisha kulifungua kidogo sio kinga. Nyumba yenye kitu chochote kinachochoma gesi, kuni au mafuta inunuliwe kengele ya kaboni monoksaidi kabla ya kununua kitu kingine chochote nilichotaja hapa.

Baada ya kuziba, unyevu unaongezeka ndani, utauona kama maji kwenye vioo asubuhi na baadae ukungu kwenye kona. Fungua madirisha wazi kabisa dakika 5 mpaka 10 alafu funga, ni bora kuliko kuacha dirisha moja limebenuka kutwa nzima likipoza kuta. Nguo mbichi usizianike juu ya radieta kama kuna namna nyingine.

Ukisafiri usizime kabisa, mabomba yakiganda yanapasuka na hasara yake inaweza kuzidi bili ya msimu mzima, acha themostati kwenye digrii 12 hivi. Na kabla hujaanza yote haya soma mita leo, andika namba na joto la nje, rudia siku hiyohiyo kila wiki, linganisha wiki zenye baridi inayofanana, utaona mwenyewe kipi kimepunguza.