Vec ya Rust: kujaza, kukua, na kwa nini kompaila inakugomea

Ukianza Rust, lugha ya kuandikia programu, kitu utakachokigusa kila siku ni Vec, yaani safu inayokua kadiri unavyotia vitu, sio kama `[i32; 5]` ambayo ukishasema tano ni tano mpaka mwisho. Kuianzisha hivi:

```
let mut v: Vec<i32> = Vec::new();
v.push(10);
```

Hiyo `mut` (ruhusa ya kuibadilisha v) usiisahau, bila hiyo push, yaani kutia kitu mwishoni, haipiti.

Sasa hapa ndo watu wanajichanganya. Vec ina `len`, vitu vilivyomo sahivi, na ina `capacity`, nafasi iliyoshatengwa. Kuna dogo mmoja kaandika `Vec::with_capacity(100)` alafu mstari unaofuata `v[0] = 5`, programu ikafa palepale, ikasema len ni 0 na indeksi ni 0, jamaa kabaki anashangaa si nimeomba mia? Umeomba ndio, ila ni kama umekodi basi la siti mia na hajapanda mtu, huyo abiria wa siti ya kwanza unamtoa wapi? Ukitaka ziwepo kabisa andika `vec![0; 100]`.

with_capacity yenyewe ni nzuri pale unapojua idadi mapema, maana nafasi ikijaa Vec inatafuta sehemu kubwa zaidi kwenye memori (kawaida mara mbili), inahamisha vitu vyote, ile ya zamani inaachiwa. Na huko kuhama ndo kunaleta ugomvi huu:

```
let a = &v[0];
v.push(20);
println!("{}", a);
```

Kompaila (inayogeuza kodi yako kuwa programu) inakataa, inakupa kosa namba E0502. `a` imeshika anwani ya nyumba ambayo push inaweza kuihama muda wowote, C++ ingekuachia upite tu alafu usome takataka. Kwa namba dawa ni kutoa `&`, ibaki `let a = v[0];` inakuwa nakala, kama ni String (maandishi) nakili kwa `.clone()` au maliza kuisoma kabla ya push.

Indeksi ikitoka kwa mtumiaji usiiamini, tumia `v.get(i)`, inarudisha Option (Some yenye kitu, au None kama hakipo) badala ya kuangusha programu. Kutoa vitu: `remove(0)` inasogeza wote waliobaki, kwa safu ndefu utalia, kama mpangilio sio ishu `swap_remove(0)` inamleta wa mwisho akae hapo, basi. Na kwenye lupu usitengeneze Vec mpya kila raundi, piga `v.clear()`, vitu vinatoka ila nafasi inabaki ileile.