Ukipewa kipaza sauti, usiulize "gesi yetu iko wapi"

Mimi nauza samaki wa kugandisha Mikindani, Mtwara: pweza, changu, kolekole akipatikana. Nina friza tatu na elimu ya darasa la saba. Nimesimama kwenye mikutano minne kuuliza habari za umeme na gesi, na mitatu ya kwanza niliondoka mikono mitupu. Haya ninayoandika yametoka kwenye hiyo mitatu.

Mara ya kwanza niliuliza swali ambalo kila mtu wa kusini analo kooni: gesi inatoka kwetu, mbona umeme unatukatikia? Ukumbi ukapiga makofi. Afisa mmoja wa meza kuu akatabasamu, akasimulia bomba la kilomita 542 linalopeleka gesi Dar es Salaam, uzinduzi wake wa Oktoba 2015, na mitambo ya kufua umeme kwa gesi ya Kinyerezi. Akakaa. Makofi tena. Nikarudi nyumbani na harufu ya pweza walioniozea bado iko mikononi.

Swali lilikuwa pana mno, kila mtu angeweza kulijibu kwa analolijua yeye. Niliziona pia ghasia za Mei 2013 mjini Mtwara za kupinga bomba hilo la gesi, tairi zikiwaka na maduka yamefungwa, na asije mtu kuniambia hasira zile hazikuwa na sababu. Lakini hapa nafundisha kuuliza tu.

Daftari kwanza

Anza mwezi mmoja kabla ya mkutano. Nunua daftari la shule. Kila umeme ukikatika andika siku, saa uliyokatika na saa uliyorudi, na hali ya hewa kama unaikumbuka. Usiandike "unakatika kila siku", maana hapo utaulizwa ni siku zipi na utabaki kutazama dari.

Nakili pia ujumbe wa LUKU unaoupata ukinunua umeme, si uniti peke yake bali na makato: VAT asilimia 18, REA asilimia 3, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1. Ile asilimia 3 inakwenda Wakala wa Nishati Vijijini. Yaani kila nikinunua umeme wa friza zangu, kuna nguzo ya kijiji fulani huko Newala au Nachingwea ninayoichangia. Ukilijua hilo hata sauti yako inabadilika. Huji kuomba.

Mtungi na bomba

Kosa linaloua maswali mengi ya kwetu ni hili. Mama mwenzangu anasimama: "Gesi ni yetu, mbona mtungi bei juu?" Anajibiwa kwa sentensi moja, watu wanacheka, amekwisha.

Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, na ya Songo Songo kule Kilwa, iliyogunduliwa 1974, karibu yote ni methani. Methani haikubali kugeuka kimiminika kwa kugandamizwa tu kwenye mtungi wa nyumbani; inataka baridi kali sana, ndiyo maana inasafirishwa kwa bomba. Ya mtungi ni propani na butani, nayo inaletwa na meli kutoka nje, bei yake inafuata soko la dunia. Kwa hiyo unayemlaumu kwa mtungi si mwenye kisima cha Msimbati, kijiji cha hapo Mnazi Bay.

Uliza la bomba. Kuna nyumba za Mtwara mjini zimeshaunganishwa, zinapikia gesi hii hii ya hapa. Swali linakuwa: "Ni nyumba ngapi mpaka sasa, na mtaa wangu uko kwenye mpango wa mwaka gani?" Kisha ongeza kwamba Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034. Serikali yenyewe imetaja mwaka, nawe unauliza mwaka. Hapo hakuna wa kucheka.

Jingine linalofanana na hilo: gesi iliyogunduliwa si gesi inayotoka. Utasikia futi za ujazo trilioni 57.54. Nyingi kati ya hizo ziko bahari ya kina kirefu, hazijaguswa, zinasubiri mradi wa kusindika gesi wa Likong'o, Lindi. Wenye mikorosho mnanielewa, korosho iliyo juu ya mti haijafika ghalani. Songo Songo yenyewe ilikaa miaka 30, mpaka 2004, ndipo gesi yake ikaanza kutumika. Anayekuhesabia trilioni muulize anazungumzia ipi.

Na megawati si uniti. Mimi najikumbusha kwa barafu: megawati ni kama kusema friza yangu inaweza kugandisha pakiti ngapi kwa saa, uniti ni pakiti nilizotoa mpaka jioni. Friza kubwa isiyo na maji ya kugandisha inabaki kuwa sanduku.

Maji, gesi, jua

Hapa ndipo watu wanapogawanyika timu kama Simba na Yanga. Wapo wanaosema sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115, kwa hiyo gesi basi. Wapo wanaosema jua ndiyo kila kitu. Sera ya Taifa ya Nishati ya 2015 haiko timu yoyote, inataka vyanzo vichanganywe, na kwa hili naiunga mkono.

Sababu yangu ni ya mfanyabiashara. Mwaka 2022 mvua zilichelewa, mito ikapungua, mgawo ukarudi nchini. Bwawa ni kubwa lakini linategemea mawingu. Jua tunalo tele, ila watu wanawasha taa, pasi na runinga saa moja hadi saa nne usiku, jua limeshalala. Faida yake iko mchana: paneli zikibeba mzigo wa mchana, maji yanabaki bwawani kwa ajili ya usiku. Gesi iwe akiba ya mwaka wa ukame, kwa sababu mtambo wake unauwasha unapotaka. Makaa ya mawe ya Ruvuma tunayaona tu yakipita kwenye malori kwenda bandarini Mtwara, vumbi tunabaki nalo.

Basi usiulize "gesi au jua?" Uliza: "Ukija mwaka wa ukame, mzigo wa jioni utabebwa na nini, na bei ya uniti itaguswa?"

Na wa kusini tuna swali letu la ziada. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tulikuwa nje ya gridi ya Taifa, tukitegemea mitambo ya gesi ya hapa hapa. Umeme wa Rufiji unapelekwa Chalinze kwanza. Ujirani wetu na Rufiji hautuletei kitu bila waya. Kwa hiyo uliza laini ya Songea, Tunduru na Masasi, ile ya kutuunganisha na gridi, imefikia wapi, kwa maneno hayo hayo.

Muulize mwenyewe

Habari za visima na mabomba ni za TPDC, shirika la serikali la mafuta na gesi. Nguzo za vijijini ni REA. Bei ni EWURA, nao kabla bei ya umeme haijabadilishwa huitisha mkutano wa taftishi kusikiliza watu. Tangazo likitoka usiliache lipite. Ushuru wa huduma unaolipwa na kampuni za gesi unaingia halmashauri, huo muulize diwani wako, na umuulize umejenga nini. Nimeona watu wakimuuliza diwani bei ya uniti, masikini akahangaika kuwajibu.

Siku yenyewe kaa mbele, karibu na anayezungusha kipaza sauti. Sema jina, mtaa, hesabu moja, swali moja, ukae. Usishukuru viongozi wote kwa vyeo vyao, dakika zako zitaishia hapo. Kabla ya kuondoka hakikisha mtendaji ameliandika swali kwenye muhtasari.

Mkutano wa nne nilisema hivi: "Mheshimiwa mwenyekiti, ndani ya siku 30 umeme umekatika mara 11, mara 8 kati ya hizo ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku. Ni uzalishaji hautoshi saa hizo, au ni laini?" Moyoni nilikuwa nimeshaamua ni uzalishaji. Fundi mmoja aliyekaa nyuma ya wakubwa akaniomba daftari, akapitia safu yangu ya hali ya hewa, akauliza kama njia yetu ya umeme ina minazi. Upepo wa jioni ulikuwa unalaza makuti juu ya waya.

Wiki mbili baadaye walikuja na misumeno. Mnazi mmoja ulikuwa wa jirani yangu, na mpaka leo salamu yangu anaiitikia kwa kichwa tu.