Somo: Kupima mahali ilipo asteroidi kwa darubini ndogo, ukiwa Dar

Habari za jioni wadau. Wengi mnauliza kama darubini ndogo ina kazi yoyote zaidi ya kutazama Mwezi na pete za sayari ya Zohali. Inayo. Yangu ina kioo cha milimita 150 na fokasi (umbali kutoka kioo hadi picha inapojikusanya) ya milimita 750, iko juu ya paa la zege hapa Tabata, na inapima asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua, vizuri tu.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Mpima viwanja akija kwako Goba haanzii hewani. Anatafuta bikoni zinazojulikana, ndipo anakwambia ukuta wa jirani umeingia kwako kiasi gani. Na sisi ni hivyohivyo, ila bikoni zetu ni nyota. Chombo cha Gaia, kilichorushwa na shirika la anga za juu la Ulaya Desemba 2013, ndicho kilichozipima. Orodha yake ya tatu ilitoka Juni 2022, ina nyota takriban bilioni 1.8, na ni bure kwa kila mtu. Hata nyota zinasogea kidogo mwaka hadi mwaka, lakini Gaia imepima na mwendo huo, kwa hiyo bikoni hizi hazina mgogoro wa ardhi.

Kipimo chetu ni sekunde ya tao. Digrii moja ina dakika 60 za tao, kila dakika ina sekunde 60. Sekunde moja ni kama kutazama kitu cha sentimita 1, yaani ukucha wa kidole kidogo, kutoka kilomita 2. Tunataka makosa yetu yasizidi hapo.

Hatua ya 1: Jua uliposimama. Chukua latitudo, longitudo na mwinuko kwa GPS ya simu, andika pembeni. Ukihamisha darubini kwenda kwa shemeji Bunju, pima upya.

Hatua ya 2: Panga mguu wa darubini. Mguu wa ikweta, ule unaozunguka kwa mota kufuata nyota, mhimili wake lazima uelekee kwenye ncha ya anga, na hapa vitabu vya Ulaya havitusaidii. Dar iko kama digrii 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga iko chini ya digrii 7 juu ya upeo. Kwangu imejificha nyuma ya tangi la maji la jirani. Miguu mingi ya ikweta haishuki hadi huko, na ukiilazimisha, uzito wa nyuma unagonga mguu wa stendi. Mimi nimeinamisha stendi kwa kipande cha mbao chini ya mguu wake mmoja, kazi ikaisha. Picha zetu ni za sekunde 20 tu, kwa hiyo usikeshe ukitafuta ukamilifu.

Fidia yake ni kubwa. Asteroidi nyingi hupita karibu na njia ya Jua, na kwetu njia hiyo inapita juu juu, karibu na utosi. Hewa hupinda mwanga: kwenye upeo nyota huonekana imeinuka zaidi ya nusu digrii, kwenye digrii 45 ni dakika moja ya tao hivi, utosini ni sifuri. Wenzetu wa London wangetamani. Chini ya digrii 30 mimi sipimi.

Hatua ya 3: Kamera na fokasi. Zidisha 206.265 kwa ukubwa wa pikseli kwa mikroni, gawanya kwa fokasi ya darubini kwa milimita. Kamera yangu ina pikseli za mikroni 3.75, kwa hiyo kila pikseli ni sekunde 1.03 za tao. Kati ya 1 na 2 inatosha. Usiunguze nyota: ikijaa mwanga, kilele chake kinakuwa bapa na programu haioni katikati ni wapi. Halafu umande. Saa nne usiku, hasa mvua zikishakatika, kioo kinalowa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Drayeri ya nywele kwa moto mdogo inasaidia. Ukimaliza, hifadhi vifaa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, la sivyo kuvu atahamia kwenye lenzi.

Hatua ya 4: Saa. Hapa ndipo watu wanapoangukia, na mimi nilianguka mzimamzima.

Usiku wangu wa kwanza programu ilinionyesha asteroidi iko sekunde 90 za tao nyuma ya mahali ilipotakiwa kuwa. Tisini! Nikalaumu kioo. Nikafungua skrubu zake, nikapanga upya, usiku wa pili majibu yakawa yaleyale. Nilichopaswa kukiona tangu mwanzo ni kwamba nyota zenyewe zilikuwa zimekaa sawa, kosa lake sekunde 0.3 tu. Kioo kingekuwa kibovu, nyota nazo zingeharibika. Asteroidi ile ilikuwa inatembea nusu sekunde ya tao kwa dakika. Gawanya 90 kwa nusu: dakika 180, saa tatu kamili. Kompyuta iliandika 21:14 ya Dar, programu ikaisoma kama saa ya dunia, UTC, ambayo ilikuwa 18:14.

Kwa hiyo andika UTC, kila mara. Saa tatu usiku ya kwetu ni 21:00 kwenye simu na 18:00 UTC. Ukichanganya hizo tatu umekwisha. Linganisha saa ya kompyuta na seva za muda za intaneti kabla ya kuanza. Na saa inayohesabika ni ya katikati ya picha: ikianza 18:14:00 na kudumu sekunde 20, andika 18:14:10.

Hatua ya 5: Piga. Chagua asteroidi ambayo tayari ina namba, yaani njia yake inajulikana vizuri, mwangaza kati ya 11 na 13 (namba ikiwa kubwa, mwanga ni hafifu zaidi). Asteroidi kubwa kama Vesta inang'aa mno kwa mwanzo. Piga picha tatu au zaidi ndani ya nusu saa. Zipitishe harakaharaka moja baada ya nyingine. Nyota zitatulia, nukta moja itasogea. Ndiyo hiyo.

Hatua ya 6: Pima. Programu za Astrometrica au Tycho Tracker zitalinganisha picha na orodha ya Gaia na kukupa namba mbili: RA, ambayo ni kama longitudo ya angani, na Dec, ambayo ni kama latitudo. Kosa likiwa sekunde 0.5 ya tao au chini ya hapo, hongera.

Hatua ya 7: Tuma. Vipimo hupokelewa na Minor Planet Center, kituo kinachokusanya vipimo vya asteroidi, Marekani. Kituo kipya cha kupimia, kama paa lako, hakipewi msimbo wa kukitambulisha hadi kithibitishe uwezo kwa asteroidi zinazojulikana, usiku zaidi ya mmoja.

MASWALI

*Mdau, Ubungo:* Shikamoo mwalimu. Kwenye baadhi ya picha zangu nyota zinakuwa vimstari, lakini si picha zote.

Marahaba mwanangu. Uko juu ya paa? Kwangu mtoto akipanda ngazi tu, picha imeharibika. Kaa chini, tulia, bonyeza kwa kompyuta badala ya mkono.

*Mdau, Temeke:* Kaka, sina kamera. Nikae pembeni?

Hapana. Zima mota, tafuta nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, na uhesabu inachukua muda gani kukatiza katikati ya uwanja wa lenzi, yaani lile duara la anga unaloliona. Dunia inazunguka sekunde 15.04 za tao kila sekunde ya saa. Ikichukua dakika mbili, uwanja wako ni nusu digrii, upana wa Mwezi. Hicho tayari ni kipimo.

*Mdau, Mwanza:* Tukipiga Mwezi wakati mmoja, wewe huko mimi huku, tutaona tofauti?

Sana! Kati yetu kuna takriban kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Mwezi ukiwa juu, utaonekana umehama kwenye nyota hadi dakika 7 za tao na kitu, karibu robo ya upana wake. Kutoka hapo tunakokotoa umbali wake wenyewe. Tupange usiku wa kipupwe, mawingu yakipungua. Shida itakuwa mwanga wa Mwezi kufunika nyota. Tupige picha mbili kila mmoja, fupi ya Mwezi na ndefu ya nyota, bila kugusa darubini.

*Mdau, Magomeni:* Ustadh, njia hii inafaa kwa mwezi mwandamo?

Kwa kujua uelekeze macho wapi, hesabu zipo tayari. Kwa kupima, haifai: hilali inakuwa karibu na Jua na anga bado ina mwanga, nyota za kulinganishia hazionekani. Bikoni hakuna. Na tafadhali, usielekeze darubini magharibi kabla Jua halijazama lote.