Sufuria ya mgonjwa wa moyo: anza na pakiti ya chumvi

Kliniki ya moyo humwambia mgonjwa apunguze chumvi na mafuta, kisha anarudi nyumbani kwenye sufuria moja inayolisha watu wanne. Kumpikia chakula chake peke yake hakudumu. Wiki mbili tu, gesi na muda vinagoma. Badilisha sufuria ya nyumba nzima. Watoto nao hawatadhurika.

Hatua ya 1: Pima chumvi ya siku

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu. Hapo imo na ya mkate na ya chakula cha mtaani, kwa hiyo jikoni mhesabie kila mtu nusu kijiko. Watu wanne ni vijiko viwili. Asubuhi vitie kwenye kikombe cha kahawa, upike navyo siku nzima, ikiisha, imeisha.

Pakiti mpya ya gramu 500 iandike tarehe kwa kalamu. Kwa kipimo hiki inapaswa kufika wiki ya sita au ya saba. Ikikatika wiki ya tatu, kuna mkono unanyunyiza mezani. Kopo la mezani liondoe kabisa.

Chumvi ya mawe na ile ya pinki ya bei mbaya ni chumvi tu. Nunua ya kawaida yenye madini joto. Ile inayouzwa kama "mbadala" mara nyingi ina potasiamu, na ni hatari kwa anayetumia dawa za moyo na presha za spironolaktoni, enalaprili au losartani, hasa figo zikiwa dhaifu. Usiiweke bila kumuuliza daktari.

Hatua ya 2: Saka chumvi isiyojiita chumvi

Ya kwanza ni magadi. Ukiyatia kwenye maharage au kisamvu ili viive haraka, umeongeza sodiamu, ile ile iliyo kwenye chumvi, hata kama chumvi hujagusa. Badala yake loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Yakigoma kuiva, kosa huwa ni kuloweka saa mbili tatu, au kutia nyanya mapema: uchachu wake huyafanya yabaki magumu. Nyanya ziingie yakishalainika.

Halafu vidonge vya supu na viungo vya mchuzi vya pakiti. Soma nyuma: sodiamu ikifika miligramu 600 kwa gramu 100, rudisha rafuni. Achari na embe la chumvi acha. Ng'onda na papa, hata ukiloweka usiku na kubadilisha maji, chumvi hupungua tu, haiishi. Weka mbali, chukua samaki wabichi soko la Feri, Dar es Salaam.

Hatua ya 3: Pika mchuzi usioomba chumvi

Mchuzi usiokaangwa vizuri huwa baridi mdomoni, na mpishi hukimbilia chumvi. Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa watu wanne, vibua kilo moja:

Pasha vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti. Tia vitunguu maji viwili vilivyokatwa vyembamba, moto mdogo, dakika kumi, mpaka viwe rangi ya chai ya rangi. Usiharakishe, vikiungua pembeni huku katikati ni vibichi, mchuzi utakuwa mchungu. Tia punje tano za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vyote vimetwangwa, kisha nusu kijiko cha chai cha bizari. Nyanya nne zifuate, zikaange mpaka zikauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Maji kikombe kimoja, samaki, funika dakika kumi. Mwisho kabisa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ukiitia mwanzo, utaonja katikati na kuongeza. Epua, ndipo ukamulie ndimu nzima na giligilani.

Siku za mwanzo watalalamika. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache.

Hatua ya 4: Nazi na mafuta

Mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya. Si lazima uache nazi, ila tumia tui la pili, tena mara moja au mbili kwa wiki. Tui zito wapikie wageni vitumbua. Mawese weka kando. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu, na yaliyokwisha kukaangia usiyarudie. Kuku mtoe ngozi. Maziwa chemsha, yapoe, toa utando wa juu.

Hatua ya 5: Sahani

Nusu mboga za majani na kachumbari isiyo na chumvi, robo samaki au maharage, robo ugali, bora wa dona. Kwa mama ntilie sema kabla hajapakua: "Mama, mchuzi niwekee pembeni, na chumvi usiniongezee." Zege (chipsi mayai) na supu ya asubuhi vinavuruga hesabu ya siku nzima.

Hatua ya 6: Linganisha na dawa

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, haambiwi aache mchicha, matembele au kisamvu. Ale kiasi kile kile kila wiki. Akila fungu moja wiki hii na matano wiki ijayo, dawa hulegea na damu huweza kuganda. Wanaotumia dawa zinazopandisha potasiamu zilizotajwa juu wamuulize daktari kuhusu madafu na ndizi. Balungi halipatani na baadhi ya dawa za lehemu.

Hatua ya 7: Maji na mizani, kwa wenye moyo uliotanuka

Daktari akikuwekea lita 1.5 kwa siku, jaza chupa ya ujazo huo asubuhi. Kila ukinywa chai, uji, supu au dafu, mimina kiasi hicho hicho kutoka kwenye chupa, uoshee vyombo. Maji ya kunywa chukua humo humo. Chupa ikikauka, siku imefungwa.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya haja ndogo, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi zile zile, na uandike. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, si mnofu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki, na daftari la uzito uende nalo.