Traifo ya chokoleti na cheri kwa watu 15, isiyotoa maji

Traifo ni kitindamlo baridi cha matabaka ya keki, matunda, kastadi na krimu. Ikiharibika, mara nyingi kisa ni maji. Kastadi inalegea usiku, sharubati ya cheri inateremka na kutuama chini, keki inalainika kupita kiasi, krimu inaingia wekundu. Ladha huenda ikabaki nzuri, lakini atakayepakuliwa mwisho ataletewa mchuzi. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinahusu jambo moja: unyevu wa kila tabaka ubaki mahali pake.

Vipimo vinajaza bakuli la lita 4, yaani lenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 13, na vinatosha watu 14 hadi 16. Chagua bakuli la kioo lenye kuta zilizosimama wima. Lililotanuka juu linakula krimu nyingi, na matabaka yake hayaonekani vizuri. Keki ioke siku mbili kabla ya shughuli, cheri na kastadi zipike asubuhi ya siku moja kabla, panga jioni yake, na krimu ya juu iweke siku yenyewe.

Keki

Pasha oveni hadi nyuzi 175 za Selsiasi. Chekecha pamoja unga wa ngano gramu 130, unga wa kakao usio na sukari gramu 35, beking pauda kijiko cha chai 1 na nusu, na chumvi robo kijiko. Pembeni piga mayai 2 na sukari gramu 150 mpaka yaanze kupauka, kisha tia mafuta ya kupikia mililita 80 na maziwa mililita 130. Changanya vyote mpaka unga usionekane tena, usiendelee. Mimina kwenye treya ya sentimita 20 kwa 30 iliyotandikwa karatasi ya kuokea, uoke dakika 20 hadi 25, au mpaka kijiti ukichomeka katikati kitoke kikavu.

Tumia mafuta, si siagi. Siagi huganda kwenye friji na keki ikawa ngumu mdomoni, ilhali keki ya mafuta hubaki laini hata ikiwa baridi. Ikishapoa, ifunge na uiache ilale mpaka kesho yake. Keki iliyolala hunywa sharubati bila kusambaratika, ile iliyotoka oveni leo hugeuka uji. Ikate vipande vya mraba vya sentimita 2 na nusu.

Cheri

Unahitaji cheri gramu 600 zilizotolewa kokwa, uzito ukiwa umepimwa baada ya kuchuja maji, na juisi mililita 370. Cheri za kopo zinakuja na juisi yake. Za kugandishwa ziache ziyeyuke ndani ya chujio juu ya bakuli, na kila tone lihifadhi. Juisi ikipungua, jazia juisi ya cheri ya dukani au maji. Hata kama pakiti imeandikwa kwamba hazina kokwa, zipitie moja moja kwa vidole. Kokwa moja iliyosahaulika inaweza kumvunja mgeni jino.

Weka kando mililita 120 za juisi kwa ajili ya kulowesha keki. Zilizobaki, mililita 250, toa vijiko vinne vikubwa ukoroge na wanga wa mahindi gramu 20. Hapa ni ule wanga mweupe unaoteleza kama poda, si unga wa kawaida wa mahindi. Ukorogee kwenye juisi baridi, kwa sababu ukiumwaga kwenye juisi ya moto utafanya madonge ambayo hayavunjiki tena. Juisi iliyobaki ichemshe na sukari gramu 60, mimina mchanganyiko wa wanga huku unakoroga, na uache uchemke dakika moja kamili mpaka utakate na kung'aa. Tia cheri, epua, ndipo uweke maji ya ndimu vijiko viwili vya chai. Ndimu ikipikwa muda mrefu pamoja na wanga huudhoofisha, na mchuzi unarudi kuwa mwepesi. Cheri zenye uchachu wa asili hazihitaji ndimu, ila ziongezee sukari gramu 30.

Iache ipoe bila kuikorogakoroga. Kwenye juisi ya kulowesha, Wajerumani huweka Kirsch, pombe kali ya cheri iliyo kwenye Black Forest, keki yao ya chokoleti na cheri. Vijiko vitatu vikubwa vinatosha. Kama wageni hawatumii pombe au watoto wapo, weka matone mawili au matatu ya arki ya lozi. Si kibadala hafifu, kwani harufu ya kokwa za cheri na ya lozi chungu inatokana na kitu kilekile, benzaldehidi. Usizidishe matone, maana hufunika chokoleti upesi.

Kastadi ya chokoleti

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kote.

Katika bakuli changanya sukari gramu 90, wanga wa mahindi gramu 35, kakao gramu 15 na chumvi kidogo. Ongeza viini 4 vya mayai na maziwa baridi mililita 100, upige kwa mchapo (kifaa cha waya cha kupigia mayai) mpaka pasiwe na chembe. Maziwa mengine mililita 650 yapashe mpaka yatoe mvuke na mapovu madogo yaanze pembeni mwa sufuria. Mwagia maziwa hayo ya moto kwenye viini upawa mmoja mmoja huku mkono mwingine unakoroga, kisha rudisha vyote kwenye sufuria, moto wa wastani, na mchapo usitulie. Fikia pembe za sufuria, ndiko kunakoshika kwanza.

Baada ya dakika tatu au nne kastadi itakuwa nzito ghafla. Wengi huepua hapo, na hilo ndilo kosa linaloleta traifo ya maji kesho yake. Kiini cha yai kina kimeng'enya cha amilasi, kazi yake ni kuvunja wanga. Kisipouawa kwa joto, kinaendelea kufanya kazi polepole ndani ya friji, na kastadi uliyoiacha nzito jioni unaikuta imelegea asubuhi. Acha kukoroga kwa sekunde mbili uitazame: ukiona mapovu mazito yanapanda na kupasuka juu, ndiyo imechemka. Kuanzia hapo hesabu sekunde 90 ukiwa unakoroga. Usiogope mayai kukatika, wanga huu unayalinda.

Ichuje ikiwa ya moto juu ya chokoleti nyeusi gramu 150 iliyokatwakatwa, yenye kakao asilimia 60 hadi 70, pamoja na siagi gramu 25 na vanila kijiko kimoja cha chai. Subiri dakika moja, koroga mpaka ing'ae. Chokoleti ya maziwa haifai sana hapa: ina sukari nyingi na siagi ya kakao kidogo, na siagi hiyo ndiyo inayosaidia kastadi kushika ikipoa. Imimine kwenye sinia pana ipoe haraka, funika kwa plastiki iliyogusana na kastadi yenyewe isifanye utando, na iingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Ikishakuwa baridi kabisa, igeuze kwa mwiko mara chache tu ilainike. Ukiipiga kwa nguvu unavunja mshiko wake.

Krimu

Krimu mililita 500 yenye mafuta asilimia 35 au zaidi, sukari ya unga gramu 30, vanila kidogo. Krimu, bakuli na mchapo vyote viwe vya baridi. Jioni piga mililita 200, za kuweka katikati. Zilizobaki piga siku ya shughuli. Simama pale ncha ya krimu inapoinama kidogo ukiinua mchapo. Ukianza kuona chembechembe, ingiza kwa mwiko vijiko viwili vitatu vya krimu isiyopigwa, itarudi laini. Maji yakishajitenga, hiyo tayari ni siagi na hairudi. Palipo na joto, piga krimu ya juu pamoja na jibini laini la maskaponi gramu 80. Itasimama muda mrefu zaidi.

Kupanga

Kila kitu kiwe baridi, kastadi hasa. Yenye uvuguvugu huyeyusha krimu, na mipaka ya matabaka inapotea.

Tandaza nusu ya keki chini, jaza mianya, nyunyizia mililita 60 za juisi kwa kijiko, ukianzia pembeni. Weka nusu ya cheri. Zile nzuri zisukume zigusane na kioo, kwani hizo ndizo zitakazoonekana. Juu yake nusu ya kastadi, kisha krimu ya jioni yote. Krimu isikae moja kwa moja juu ya cheri, itachujiwa wekundu. Kastadi iliyo katikati yao ndiyo kizuizi. Kila tabaka anza kwa kudondosha vijiko kuzunguka ukingo wa kioo, halafu ndipo uje katikati. Ukianzia katikati, tabaka litasukuma lile la chini na kulipandisha kwenye kioo.

Mzunguko wa pili una tofauti moja: keki ilowanishe kwenye sahani kwanza, upande mmoja tu, halafu uiweke juu ya krimu upande mkavu ukiwa chini. Ukimwagia juisi ndani ya bakuli itapenya hadi kwenye krimu na kuacha michirizi. Malizia cheri na kastadi, futa kioo kwa tishu yenye unyevu, funika, acha kwenye friji kwa muda wa saa 12 au zaidi. Chini ya saa 6 keki bado huwa na kiini kikavu.

Krimu ya juu, chokoleti iliyoparuzwa kwa kisu cha kumenyea na cheri nzima za pambo viwekwe ndani ya saa mbili kabla ya kula. Cheri hizo zikaushe kwa tishu kwanza, la sivyo kila moja itaacha doa jekundu.

Kama kastadi imetoka na vijichembe vya yai, ipitishe kwenye blenda ikiwa bado ya moto, kisha ichuje. Ukikuta maji chini ya bakuli asubuhi, yanyonye kwa kona ya tishu kando ya kioo na usiongeze juisi yoyote. Bakuli lisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kilichobaki kiliwe ndani ya siku tatu. Usigandishe, wanga ukiyeyuka baada ya kuganda hutoa maji yote. Wakati wa kupakua tumia kijiko chenye mpini mrefu, kizamishe wima mpaka chini kisha ukiinue, kila sahani ipate matabaka yote.