Peugeot 504 inaamka bila moto: pima kabla hujanunua betri

Wenye 504 hunijia na maneno yaleyale: "Fundi, betri imekufa, niwekee mpya." Mimi huomba funguo, nikachukua multimita. Gari lenyewe ni gumu, lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, lakini nyaya zake zimepita mikono mingi tangu hapo. Betri nyingi ninazoletewa kama maiti ni nzima. Fuata mpangilio huu bila kuruka, maana kila kipimo hutegemea kilichotangulia.

Hatua ya 1: Betri iliyopumzika

Laza gari usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, pima kati ya chanya na hasi. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 12.0 karibu imekwisha. Ichaji ijae, uipumzishe saa kadhaa, urudie. Ikishindwa kushika hata 12.4, hapo kweli betri ni mgonjwa.

Kisha mtu apige starta wewe ukitazama mita. Ikiporomoka chini ya 9.6, betri imechoka hata kama ilikuwa imesoma vizuri.

Terminali zenye ukungu mweupe zioshe kwa maji ya magadi, yasiingie kwenye seli. Sigara na cheche ziwe mbali: betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni hulipuka.

Hatua ya 2: Waya wa bodi

Magari ya pwani huumwa sana hapa, chumvi ya hewani inakula waya mnene unaounganisha injini na bodi. Weka ncha moja ya mita kwenye risasi ya hasi ya betri (nguzo ya betri yenyewe, si klemu inayoibana), nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, starta ipigwe. Ikizidi volti 0.3, umeme unapotelea njiani. Fungua, piga msasa, kaza. Rudia kati ya hasi na bodi.

Hatua ya 3: Altaneta

Washa injini, ipe moto kiasi, pima kwenye betri. Unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.4. Ikizidi 15, katauti (kidhibiti cha volti ya altaneta) imeharibika na inachemsha betri yako.

Ikibaki 12 na kitu, kagua mkanda kwanza. Kisha tazama taa ya chaji kwenye deshibodi: ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, lazima iwake. Umeme unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha altaneta. Balbu ikiungua, altaneta inaweza kulala tu. Inaniuma kuona altaneta nzima imefunguliwa na kubadilishwa mabrashi wakati tatizo ni balbu ndogo ya deshibodi.

Na nakusihi: usikubali mtu achomoe terminali ya betri injini ikiunguruma "kuona kama altaneta inachaji". Bila betri, volti hupanda ghafla na kuunguza daiodi, vile vijisehemu ndani ya altaneta vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Mita inakupa jibu hilohilo bila kuharibu kitu.

Hatua ya 4: Mwizi wa usiku

Kama yote hapo juu ni mazima na bado asubuhi hakuna moto, kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limezimwa. Ampea 0.5 ni kidogo, lakini kwa siku 3 ni ampea-saa 36, na betri ya 45 inakuwa imebaki mifupa.

Zima kila kitu, funga milango, toa funguo. Ng'oa klemu ya hasi. Weka mita kwenye tundu la ampea 10, iunge kati ya klemu na risasi ya betri. Usipige starta mita ikiwa hapo, utaiunguza. Kwenye gari la zamani hivi, saa ya deshibodi ndiyo pekee yenye haki ya kula umeme usiku; ikizidi 0.05, anza kutoa fyuzi moja moja ukisoma mita.

Fyuzi za gari hili ni chache, kwa hiyo usishangae zikiisha bila mita kushuka. Ng'oa hasi kabisa, fungua waya mnene wa altaneta, uufunge kwa tepu, kisha pima tena. Mita ikishuka, daiodi zinavujisha.

Pikapu moja niliyoletewa ilikuwa imebadilishiwa betri mara 3 ndani ya mwaka. Nilitoa fyuzi zote, nikafungua altaneta, mita ikakaa kwenye 0.7. Nikafuata waya mwekundu mwembamba kutoka kwenye terminali ya chanya, ukapita chini ya kapeti hadi nyuma ya kiti: amplifaya ya redio, imefungwa moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, haizimiki. Niliweka fyuzi karibu na betri, waya wa kuiwasha nikaupeleka kwenye swichi ya funguo. Mita ikashuka hadi 0.01.

Ukishamkamata wako, laza gari tena na urudie hatua ya 1 asubuhi mbili mfululizo, ukiandika namba zote mbili.