Zinki, risasi au alumini? Chupa tatu zilizobanduka lebo

Hapa Wete hewa ya bahari haiachi lebo ikakaa. Ukifungua kabati la maabara baada ya masika, utakuta chupa za unga mweupe na karatasi zake ziko chini. Wanangu, msizitupe. Tuseme mnajua ni naitreti za zinki, risasi na alumini, ila hamjui ipi ni ipi.

Anzeni na maji. Kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya chokaa maji yake yana chumvi zake, na ukitia naitreti ya risasi humo yatatibuka kabla hujapima kitu. Tumieni maji yaliyokenekwa; yakikosekana, maji ya mvua yaliyokingwa uwanjani kwa beseni safi, si yaliyopita juu ya bati.

Yeyusheni unga wa ncha ya kijiko katika kila testi tyubu. Wengi hukimbilia sodiamu haidroksaidi. Zote tatu hutoa mashapo meupe, na ukiizidisha zote huyeyuka. Itakusaidia kuitoa kalisi kwenye hesabu, lakini hizi tatu haizitengi.

Kazi hiyo ni ya amonia. Itieni tone kwa tone, mkitikisa. Weupe utatokea kote, na hapo ndipo wanafunzi wengi huweka dropa chini wakaandika jibu. Endeleeni kutia! Mashapo ya zinki yatayeyuka yote, maji yabaki safi kabisa. Ya risasi na alumini hayatoki. Ila amonia iwe kali. Chupa iliyokaa wazi hupoteza nguvu, na zinki isiyoyeyuka utaiita alumini kwa yakini kabisa. Ipungieni harufu kwa mkono, msiinamie chupa.

Kwa zile mbili zilizobaki, chukueni sampuli mpya, mtie matone mawili ya potasiamu iodaidi. Risasi hutoa manjano ya bizari papo hapo. Alumini haibadiliki. Mkitaka uhakika, chukueni manjano hayo kidogo sana, ongezeni maji mengi, mchemshe: yatapotea. Yaacheni yapoe taratibu, na vitarudi vipande vidogo vinavyometa kama dhahabu. Sijaona darasa lisilosogea kutazama.

Risasi ni sumu inayobaki mwilini. Mabaki yake yasimwagwe sinki wala karibu na kisima. Yakusanyeni kwenye chupa yake yenye kifuniko, jina liandikwe kwa penseli na kufunikwa selotepu, kisha nyote mnawe kwa sabuni.